Diski Shingoni, Dishi Mkononi

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yanapotangazwa, Kenya hurudia kikao kilekile. Waziri husoma takwimu, mwanafunzi bora hubebwa mabegani huku kamera zikimkimbilia, kisha zamu ya Kiingereza ikifika nyuso hukunjwa na mshtakiwa wa kila mwaka huletwa kizimbani. Jina lake Sheng, lugha ya mtaani. Makazi yake Eastlands, mashariki mwa Nairobi: Kaloleni, Jericho, Dandora, Kayole, Umoja. Shtaka lake ni kuua Kiingereza cha watoto wa watu.

Tuhuma hii haitolewi na wajinga, na haifai kusimuliwa kana kwamba ni yao. Mwalimu anayesahihisha insha Kayole anaijua fika: hadithi inaanza kwa Kiingereza kisafi, na aya ya pili haijaisha kabla “mathee” hajaingia jikoni na “fathee” hajarudi kutoka job. Wasahihishaji wa mitihani wamelalamikia jambo hilo mara nyingi. Mzazi wa Donholm aliyechukua mkopo wa chama kulipia mwanawe karo ya akademia ana hofu ya kweli, kwamba siku ya mahojiano ya kazi kijana atafungua mdomo na mtaa mzima utatoka. Hoja yao inakwenda hivi. Mtoto hujifunza lugha kwa kuisikia na kuisema. Saa za siku ni chache. Kila saa inayopita katika Sheng imeibwa kwa Kiingereza. Tena Sheng yenyewe huchukua maneno ya Kiingereza na kuyapinda, kwa hiyo mtoto hupoteza mpaka kati ya hiki na kile. Basi Sheng ipigwe marufuku getini, na Kiingereza kitapata nafasi ya kupumua.

Ni hoja iliyonyooka, na imenyooka kwa sababu hakuna aliyeijaribu kwa ushahidi.

1. Kosa lilitangulia, mshtakiwa akazaliwa baadaye

Wataalamu hawajakubaliana kuhusu umri wa Sheng. Wengi huiweka katika miaka ya 1960 na 1970, katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi ambako watoto wa wafanyakazi wa reli na wa Baraza la Jiji walikutana wakiwa na Kikuyu, Kiluo, Kiluhya na Kikamba majumbani, Kiswahili nje na Kiingereza darasani. Mwanaisimu Alamin Mazrui alirudi nyuma zaidi, akaona mbegu zake katika lugha ya siri ya wahuni wa Nairobi ya miaka ya 1930. Tarehe yoyote itakayochaguliwa, desturi ya kumwadhibu mtoto kwa kutosema Kiingereza haikuisubiri Sheng ipate jina.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza hilo katika *Decolonising the Mind*, kitabu cha 1986. Katika shule aliyosoma Limuru enzi za Hali ya Hatari, mtoto aliyekamatwa akisema Kikuyu karibu na shule alichapwa viboko, au alivishwa bamba la chuma shingoni lenye maandishi ya kumwita mjinga au punda. Huko hapakuwa na Sheng. Mshtakiwa wa wakati ule alikuwa lugha ya mama, na hadi leo ndiye mshtakiwa katika sehemu nyingi za nchi. Lafudhi ya nyumbani ikisikika kwenye Kiingereza cha mtu, Wakenya husema “ameshrabu”, na kicheko hufuata.

Serikali nazo zimekuwa zikizunguka mahali pamoja. Mwaka 1957 Nairobi ilianza kujaribu mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya 1964 ikaubariki. Kamati ya Gachathi ya 1976 ikageuza usukani, ikataka madarasa ya chini yatumie lugha ya eneo la shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa rasmi 2019, unasema vivyo hivyo hadi gredi ya 3, na kwa miji lugha hiyo ni Kiswahili. Pita sasa mbele ya shule nyingi za Eastlands usome ubao wa getini: watoto wa miaka minne wanaambiwa waache Kiswahili nje pamoja na matope ya viatu. Sera ya taifa inavunjwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, na hakuna mkaguzi anayeliona kosa. Anayekamatwa ni mtoto aliyesema “niaje”.

Iko hesabu nyingine ambayo mashtaka hayaigusi. Ikiwa Sheng ndiyo sumu, basi mgonjwa mahututi angekuwa Nairobi, kwa kuwa ndiko kisima chake kilipo. Shirika la Uwezo lilianza kuwapima watoto nyumba kwa nyumba mwaka 2009, na kwa miaka kadhaa likatoa taarifa inayofanana: nchini kote, takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu ndio waliomudu kazi ya darasa la pili. Waliobaki nyuma kabisa walikuwa watoto wa kaunti kame za kaskazini, ambako Sheng hufika ikiwa imechoka, kwa redio na kwa lori. Ni kweli Nairobi ina pesa zaidi, kwa hiyo takwimu hizo hazithibitishi kwamba Sheng inasaidia. Lakini anayedai inadhuru ndiye mwenye mzigo wa kueleza ni kwa nini ugonjwa umekithiri mahali ambapo sumu haijafika.

2. Maswali ambayo hayaulizwi

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo wapiga marufuku wasipotaka kukaa.

Mtu yeyote aliyewahi kufundisha Kiingereza Eastlands, darasani Makadara au kwenye meza ya jikoni Buruburu, anayajua maswali ya wanafunzi kwa moyo, kwa sababu hayabadiliki. Mbona “the” iko hapa na pale haipo? Hii “s” inayofuata kitendo imetoka wapi, na mbona inakuja kwa “he” na kwa “they” inatoroka? Mwalimu ni mwanamke, mbona nimekosea nikisema “he”? Kati ya “borrow” na “lend”, ni ipi ya kuomba na ipi ya kutoa? Kwa nini nisiseme “I have seen him yesterday” na nimemwona kweli, tena jana? Niko “in” matatu au “on” matatu? Na nikiulizwa “Haven't you eaten?” na sijala, kwa nini jibu la “yes” linaninyima chakula?

Yachukuliwe moja moja, yatafutiwe mzizi. Kiswahili sanifu, kile cha kamusi na cha taarifa ya habari, hakina “a” wala “the”. Kiswahili sanifu kinatosheka na “yeye” kwa mume na kwa mke, na kitendo chake hakijui jinsia. “Azima” inakwenda pande zote mbili, na kinachoonyesha nani anatoa ni viambishi. “Hujala?” hujibiwa “ndiyo” na mtu mwenye njaa, kwa maana ya kwamba umesema kweli, sijala. Makosa haya yangekuwepo hata kama watoto wote wa Dandora wangezungumza kama Shaaban Robert.

Yangekuwepo pia kama wangezaliwa Moscow. Mrusi, Mpolandi na Mjapani hupambana na “the” hadi uzeeni, maana lugha zao hazina kitu hicho. Mfini ana “hän” moja kwa mume na mke, Mturuki ana “o”, na wote huchanganya “he” na “she” wanapochoka. Mjerumani humwambia mwenzake “borrow me your pen” kwa sababu “borgen” kwake ni kuazima na kuazimisha. Mjerumani huyohuyo atakuambia “I have seen him yesterday” bila aibu, na Mfaransa atamuunga mkono. Wajapani hujibu swali la kukanusha kama Waswahili. Kama kuna basi la siri lililopeleka Sheng hadi Helsinki na Tokyo, mamlaka za uchukuzi hazijalitangaza.

Kuhusu tahajia, ambayo humliza mtoto kuliko yote, lawama ni ya Kiingereza chenyewe. “Tough”, “though” na “through” zimeandikwa kwa matamshi ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Hata mtoto wa London huzikariri kama anavyokariri jedwali la kuzidisha.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa yanayobandikwa Sheng ni maswali ya kawaida ya kila anayejifunza Kiingereza akiwa na lugha nyingine kichwani. Dawa ya swali ni jibu. Jibu la “borrow” na “lend” lina urefu wa dakika mbili: mwalimu anashika kalamu, anamwita Otis na Njeri mbele, anasema “Huyu anaazima, huyu anaazimisha, Kiingereza kimewapa majina mawili,” na jambo linakwisha. Ili dakika hizo mbili zipatikane, mtoto anapaswa kwanza kuinua mkono na kusema kwamba haelewi. Atasema kwa lugha gani? Ana miaka tisa. Kiingereza anachohitaji ili kuuliza kuhusu Kiingereza ndicho hicho alichokuja kutafuta. Anayeweza kuuliza swali la “the” kwa Kiingereza safi ni mtoto ambaye halihitaji tena.

Basi mtoto hufanya hesabu ya haraka, na watoto wa Eastlands ni wepisi wa hesabu za aina hiyo. Akiuliza kwa Sheng, adhabu. Akiuliza kwa Kiingereza kibovu, kicheko. Akinyamaza, salama. Darasa la watoto 70 linakaa kimya, na mgeni akipita husifu nidhamu.

3. Kosa moja ambalo ni la Sheng kweli

Haki ni haki: yako makosa ambayo Sheng haiwezi kuyaruka. La wazi kuliko mengine ni hili. Katika Sheng “kushow” ni kumwambia mtu. “Alinishow atakam” maana yake alinieleza kwamba atakuja. Mtoto akiingia kwenye insha na mzigo huo anaandika, “My mother showed me that I should go to the shop,” na msahihishaji anabaki akijiuliza mama alionyesha nini, kwa kidole au kwa picha. Hapa Kiingereza kimeingia Sheng, kikabadilishwa kazi, kisha kikarudi nyumbani hakitambuliki.

Sasa mwalimu alirekebisheje? Njia ya marufuku ni kalamu nyekundu: duara kwenye “showed”, alama moja imekatwa, ukurasa umefunguliwa mwingine. Mtoto anaona duara na haoni kosa, maana kwake neno ni la Kiingereza, tena lina tahajia ya Kiingereza. Hata kamusi itamthibitishia kwamba lipo. Atalirudia mwezi ujao na mwaka ujao. Njia nyingine ni mwalimu kusema waziwazi: mtaani “kushow” ni kuambia, kwenye karatasi ya Kiingereza ni kuonyesha, kwa hiyo hapa andika “told”. Sentensi hiyo moja haiwezi kutamkwa bila kuitaja Sheng kwa jina. Katika shule ambako kuitaja ni kosa, mwalimu mwenyewe angepaswa kuvishwa diski, ile mbao ya aibu ya aliyesema lugha iliyokatazwa, kabla ya kengele.

Hata ushahidi wa nguvu zaidi wa mashtaka, ukifuatwa hadi mwisho, unamtetea mshtakiwa. Kosa la Sheng huponywa kwa kuileta Sheng darasani, mchana, ubaoni, safu moja kushoto na Kiingereza kulia. Likifukuzwa getini hujificha ndani ya insha.

4. Alama zinapotelea wapi

Wanaopiga kelele kuhusu “mathee” kwenye insha wangefanya vyema kuutazama mtihani wenyewe. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu, jumla ya alama 200. Hadithi ya kubuni, pale ambapo mtoto hujiachia na Sheng huchungulia, ina alama 20. Zilizobaki 180 ziko kwingine: uandishi wa kiuamilifu, kujaza mapengo, stadi za kuzungumza, ufahamu, ushairi, sarufi, na sehemu nono ya vitabu vilivyoteuliwa. Hakuna anayefeli swali la *Fathers of Nations* cha Paul Vitta kwa sababu alisema “rada” wakati wa mapumziko. Anafeli kwa sababu nakala ya kitabu ilikuwa moja kwa dawati la watu watatu, au hakukisoma kabisa, alisoma mwongozo mwembamba ulionunuliwa kwa wauzaji wa vitabu wa kando ya barabara.

Vitabu ndivyo vinavyosahaulika katika mjadala huu, labda kwa sababu vina bei. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa bure, na madarasa ya Eastlands yakafurika kuliko yalivyojengwa kubeba. Shule za umma hazikuongezeka kwa kasi ya magorofa ya Kayole na Umoja, kwa hiyo pengo likajazwa na akademia za mabati na za orofa ya pili juu ya duka la unga. Mtoto wa Kaloleni ana bahati ya kuwa na maktaba ndogo mtaani kwake, na Makadara ipo nyingine, zote mbili zikiwa matawi ya maktaba ya McMillan. Buruburu wana ya huduma ya maktaba ya taifa. Anayetaka kuendelea kuhesabu, aelekee mashariki kupitia Komarock hadi Njiru, na asisahau kubeba maji.

Serikali iliwahi kujaribu tiba isiyo marufuku. Kuanzia 2015 programu ya Tusome iligawa vitabu vya Kiingereza na Kiswahili, kila mtoto na chake, katika madarasa ya chini ya shule za umma, na ikazifikia pia shule nyingi za bei nafuu za mitaa duni. Walimu walipewa mafunzo na watu wa kuwafuata darasani. Tathmini ya mapema ilionyesha kwamba idadi ya watoto wa darasa la pili waliofikia kiwango cha kusoma Kiingereza ilikaribia kuongezeka maradufu. Sheng ilikuwepo kabla ya vitabu, ilikuwepo wakati wa vitabu, na haikumzuia mtoto yeyote kufungua ukurasa.

Nje ya mipaka liko somo jingine lisilopendwa Nairobi. Katika upimaji wa kikanda wa SACMEQ wa 2007, wanafunzi wa darasa la sita wa Kenya walipata wastani wa 543 katika kusoma, wakisoma kwa Kiingereza. Watanzania walipata 578, kiwango cha juu kuliko nchi zote zilizoshiriki, na wao walisoma kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto huyaelewa maneno yake kabla hajayaona kwenye karatasi. Mkenya hupenda kumcheka jirani kwa Kiingereza chake. Matokeo hayo hayamo kwenye utani huo.

5. Shule ya kuchomeana

Diski, au monto kama wengine waiitavyo, ina kanuni rahisi. Aliyekamatwa akisema lugha iliyokatazwa hukabidhiwa kipande cha mbao au kifuniko chenye kamba, akivae au akishike. Ataachana nacho akimkamata mwenzake. Jioni anayebaki nacho anataja aliyempa, naye wa kwake, hadi orodha nzima iwe imesimama mbele ya mwalimu wa zamu.

Mtazame mtoto aliyevaa diski wakati wa mapumziko. Hachezi. Anazunguka nyuma ya vyoo na kando ya mfereji akitega sikio, akisubiri rafiki yake aumie ili amsikie akipiga yowe kwa lugha ya kwao. Mtaani mchomeaji hana heshima, ila ndani ya ua la shule analipwa kwa kuvuliwa kamba. Ngũgĩ aliligusa jambo hili pia, kwamba mfumo ule uliwafunza watoto faida ya kuisaliti jamii yao ya karibu. Zaidi ya nusu karne imepita, na kilichoboreshwa ni malighafi tu, maana bamba la chuma limekuwa mbao.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kwa namna yoyote, ya mwili au ya akili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na katika shule nyingi diski haibagui: sentensi ya Kiswahili sanifu inamvisha mtoto kamba ileile. Mwalimu wa uraia akiwafundisha watoto kifungu hicho cha 7 asubuhi, saa nne wanaweza kuadhibiwa kwa kukitekeleza.

Gharama nyingine inaonekana kwenye Kiingereza chenyewe, yaani kile kilichokuwa kiokolewe. Mtoto anayezungumza kwa hofu huchagua sentensi fupi na salama. Hathubutu neno jipya asije akalikosea. Hatimaye shule inapata Kiingereza cha itifaki: “May I go out”, “Good morning teacher”, na kimya kirefu katikati.

6. Wakubwa nao wanabonga

Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilizindua mpango wa chakula shuleni. Mtoto hulipa shilingi 5, hugusisha bangili ya mkononi kwenye kifaa, na hupewa sahani ya moto. Ni mpango wa serikali, una magari, majiko makubwa na mabango. Jina lake ni Dishi na County. “Dishi” ni Sheng. Hivyo katika shule moja, siku moja, mtoto anaweza kula dishi kwa bangili iliyotolewa na serikali, na akisema kwa furaha kwamba dishi imeiva, akavishwa diski. Ingekuwa vyema idara mbili hizo zikutane, hata kwa chai.

Unafiki huu ni wa miaka mingi. Kampuni kubwa kuliko zote za simu nchini huwalipa wateja wake kwa pointi zinazoitwa Bonga, na bodi ya wakurugenzi haikuomba radhi kwa Malkia. Kampeni za afya zilipotaka vijana waahirishe ngono, zilikuja na Nimechill. Mwaka 2017 wakazi wa Nairobi walimchagua gavana aliyejulikana zaidi kwa jina la Sheng la tajiri, Sonko, kuliko kwa jina lake la kipande. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010 na kuandikwa kwa Sheng, limetunukiwa tuzo za kimataifa za Emmy. Kura, simu, dawa na tuzo vinatafutwa kwa Sheng, na Eastlands inasifiwa kwa ubunifu wake. Ikifika zamu ya mtoto kuomba maelezo ya kitenzi, ubunifu unageuka utovu wa adabu.

Bungeni nako kanuni za kudumu zinamlazimu mbunge aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa hiyohiyo, na spika hulazimika kuwakumbusha waheshimiwa mara kwa mara. Ni watu wazima, wenye shahada na mishahara, na bado wanahitaji kanuni iliyochapishwa ili wasichanganye. Hakuna anayewavisha mbao.

Na watoto wa Lavington, mtaa wa matajiri? Wao pia huchanganya, ila mchanganyiko wao umeegemea Kiingereza, na wataalamu Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliuandikia mwaka 1997 chini ya jina Engsh. Kiswahili cha watoto hao huanguka mtihani baada ya mtihani. Haijasikika kamati iliyoundwa kuwavisha diski.

7. “Lakini Sheng haina sarufi”

Hoja hii inaweza kupitwa haraka. Mgeni akisema “mitoi miwili” badala ya “watoi wawili”, darasa zima la Jericho litamcheka, kwa maana amevunja kanuni ambayo hakuna kitabu kilichoiandika na kila mtoto anaijua. Ngeli zipo. Kiambishi cha mazoea kipo: “nakulanga hapa” si sawa na “nakula hapa”, na anayevichanganya ataagiziwa sahani asiyoihitaji. Chege Githiora, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Sheng mwaka 2018, anaiona kuwa Kiswahili cha mtaani cha Wakenya, chenye mifupa ya Kibantu na nguo za kuazima.

Nguo za kuazima hata Kiingereza kinazo, kabati zima, nyingi zikiwa za Wafaransa walioingia 1066. Mwaka 1710 Jonathan Swift aliandika gazetini London akilalamikia vijana wanaokata maneno vipande. Neno mojawapo lililomuudhi lilikuwa “mob”, lililokatwa kutoka Kilatini. Miaka miwili baadaye alipendekeza iundwe jamii ya wasomi wa kuilinda lugha. Jamii hiyo haikuundwa. “Mob” imo katika kila kamusi ya Kiingereza inayouzwa Nairobi, na kwenye steji ya Donholm kijana humshukuru mwenzake kwa “thanks mob”, yaani asante sana. Swift angefaa sana kuwa mwalimu wa zamu.

8. Kwa hiyo mtihani ufanywe kwa Sheng?

Ndilo swali la mwisho la upande wa mashtaka, na huulizwa kwa ushindi. Hakuna aliyeomba hivyo. Khaligraph Jones alikulia Kayole na hurap kwa Kiingereza cha kasi ambacho wengi wa wanaoikemea Sheng hawawezi kukifuata bila kusoma maneno yake, kisha mstari unaofuata anarudi mtaani. Makanga wa matatu humwita kijana “buda” na kumwita mama wa miaka sitini “mathee, kaa mbele hapa”, kwa sauti mbili tofauti, ndani ya sekunde tano. Watu hawa hawajapoteza mpaka kati ya lugha. Wanauvuka siku nzima wakilipwa au bila kulipwa. Mtoto naye huuvuka kila akipiga simu kwa nyanya yake ushago.

Kinachoombwa ni kidogo: mtoto akiwa hajaelewa “the”, aruhusiwe kuuliza kwa maneno aliyonayo, na mwalimu aruhusiwe kumjibu kwa yale atakayoyaelewa, kisha wote wawili waandike Kiingereza. Wanaotaka marufuku wana miaka mingi ya majaribio mikononi, kuanzia mabamba ya Limuru hadi mbao za Umoja. Ingetosha walete shule moja ambako diski ilipandisha alama, na nyingine jirani iliyokuwa na vitabu, walimu na madarasa sawasawa ila haikuwa na diski, ikabaki nyuma. Mpaka sasa kielelezo kinachowasilishwa kila mwaka ni insha yenye neno “mathee” lililozungushiwa wino mwekundu.